Bi Kwale na Uwanja wa Kivulini

Hadithi iko mlangoni, inabisha hodi.

Karibu, ipite!

Imetoka mbali, miguu inaiuma.

Ikae, tunaisikiliza!

Haya, tulieni basi. Na wewe unayechokoa moto, uache uwake wenyewe. Hadithi hii kila nikiisimulia hunipandisha hasira, na nikishapanda hasira sirudii maneno.

Hapo zamani za kale, zamani hasa, wakati wanyama na majani walipokuwa wakisemezana, palikuwa na kijiji cha wanyama kandokando ya msitu. Mkuu wa kijiji alikuwa Jumbe Nyani. Katikati ya kijiji ulisimama mkuyu mkubwa, na mkuyu ule ulikuwa wa Jumbe peke yake. Makuyu yake alikula yeye, wakeze, wajukuu na jamaa zake. Tawi la mkuyu ule halikuguswa na mtu. Kila mwaka matawi yalizidi kutanda, na kila mwaka kivuli kilizidi kuingia viwanjani mwa watu.

Kijiji kile kilikuwa na desturi. Kila nyumba ilipanda nyasi uwanjani kwake. Nyasi zile zilikuwa pambo, tena zilikuwa maficho. Zikisimama vizuri na masuke yake yakipepea, uwanja ulipendeza hata mpita njia akasimama kutazama. Na Tai akipita juu kutafuta watoto wa wenzake, watoto walizama ndani ya nyasi wasionekane. Uwanja usio na nyasi ulikuwa aibu, na ulikuwa hatari.

Mvua zikiisha, Jumbe alifanya ukaguzi. Alipita uwanja kwa uwanja, mikono nyuma, jamaa zake wakimfuata kwa kuimba:

Nyasi zisimame, masuke yapepee,
Mvivu wa uwanja, atoke atembee.

Mwenye nyasi ndefu zenye masuke alisifiwa. Mwenye nyasi duni aliitwa mvivu mbele ya watu. Na aliyeitwa mvivu mara ya tatu alihamishwa kijijini, akapelekwa ng'ambo ya kijito, kwenye uwanda mweupe usio na hata jani moja la kumfichia mtoto.

Sasa niulizeni, viwanja hivyo aligawa nani?

Aligawa Jumbe!

Mmesema. Ngiri, shemeji yake, alipewa upande wa mawio, jua linampiga tangu asubuhi mpaka mtu anachoka nalo. Bi Nungunungu na Mama Kanga walipewa pembeni, si haba, jua waliliona. Na Bi Kwale? Bi Kwale alikuwa mjane. Hakuwa na kaka wa kumsemea wala shemeji wa kumsukumia neno. Alipewa chini ya mkuyu kabisa, pale ambapo jua lilichungulia adhuhuri, likaona hapafai, likaondoka.

Bi Kwale akakaa hapo. Alikuwa na vifaranga, nao walikuwa wadogo, manyoya yao bado laini. Aliona heri kivuli kuliko uwanda. Akachakura udongo, akapanda.

Mara ya kwanza alipanda mbegu zile zile za Ngiri. Nyasi zikaota, akafurahi. Zikarefuka, akafurahi zaidi. Lakini zilirefuka kwa kulitafuta jua, si kwa kushiba. Zikawa nyembamba, rangi imepauka, zote zimeinamia upande mmoja ambako kulikuwa na mwanga kidogo. Suke hata moja halikutoka. Upepo mdogo ukapita, nyasi zikalala chini zote, na vifaranga wakabaki wamesimama wazi uwanjani.

Ukaguzi ukafika.

Nyasi zisimame, masuke yapepee,
Mvivu wa uwanja, atoke atembee.

Jumbe akazitazama nyasi zilizolala, akacheka. Akawaambia jamaa zake kwamba huyu mama ni mlalaji mpaka nyasi zake zimemwiga. Jamaa wakacheka kwa sauti, maana makuyu waliyokula asubuhi yalikuwa yake. Bi Kwale akaitwa mvivu mara ya kwanza.

Yeye aliyekuwa ameamka kabla ya jogoo tangu mvua zilipoanza! Haya, tuendelee, nisije nikavunja kigoda.

Bi Kwale akamwendea Ngiri, akamwomba ushauri kwa adabu. Ngiri alikuwa amejilaza juani, tumbo juu. Akamwambia kwamba nyasi ni kama mtoto, zinataka chakula na maji, na kwamba tatizo lake ni uchoyo. Azinyweshe asubuhi na jioni. Azilishe samadi. Ngiri mwenyewe hakuwa amenywesha wala kulisha kitu tangu azaliwe, jua na mvua vilimfanyia kazi yote, lakini alisema kama fundi.

Mara ya pili Bi Kwale akafanya hivyo. Alikwenda kijitoni na gamba la konokono, akateka maji, akarudi, akamwaga, akaenda tena. Alikusanya samadi kwa mdomo, huo mdomo mdogo wa kulia chakula. Vifaranga walimfuata nyuma, kwa njia ya chini ya miti, mpaka wakachoka, wakawa wanalala njiani. Na nyasi zikafanyaje? Zikanenepa kwa uongo. Zikawa laini, zimejaa maji, na kwa kuwa jua la kuzikausha halikuwepo, zikaanza kuoza mashinani. Uwanja ukanuka. Uyoga mweupe ukaota mahali pa masuke.

Ukaguzi ukafika.

Nyasi zisimame, masuke yapepee,
Mvivu wa uwanja, atoke atembee.

Jumbe akaziba pua. Safari hii hakucheka. Akasema kijiji hakiwezi kubeba watu wasiojituma, na kwamba Ngiri yuko pale pale, kijiji kile kile, mvua ile ile, na tazameni uwanja wake. Watu wakatazama uwanja wa Ngiri. Hakuna aliyetazama juu, kwenye matawi. Bi Kwale akaitwa mvivu mara ya pili.

Usiku hakulala. Angelala vipi, na watoto wamemlalia mbawani, na Tai amebakiza hatua moja tu? Kulipopambazuka akawachukua vifaranga wake, akaingia nao msituni, ndani kabisa, kutafuta japo kichaka cha kuwafichia siku ya kuhamishwa itakapofika. Akatembea. Miti ikazidi kubanana, mwanga ukazidi kupungua. Mara akasimama.

Chini ya mti mkubwa kuliko hata mkuyu wa Jumbe, aliona majani yamejaa, mafungu kwa mafungu, ya kijani kilichokoza. Hayakulala. Hayakupauka. Akalishika shina moja, akaona si la mviringo kama la nyasi, lina pembe tatu. Akajua ni Ndago, yule ndago ambaye wakulima wakimwona shambani humtukana na wazazi wake. Lakini huyu alikuwa ndago wa msituni, jani lake pana.

Bi Kwale akamuuliza, bila hata salamu, maana alikuwa amejaa, amewezaje kusimama mahali pasipo na jua.

Ndago akamwambia, "Wale wa juani wanakimbilia juu, wanatoa masuke, wanajionyesha. Nikiwaiga nitaanguka. Mimi nakua polepole. Jani langu nimelipanua, nimelikoza rangi, ili kijua kidogo kinachodondoka nikidake chote. Masuke natoa machache, kwa sababu masuke yanakula nguvu, na nguvu yangu naipata kwa shida."

Bi Kwale akamwambia anataka kuchukua vipande vyake akavipande kwake. Ndago akakubali, akampa masharti. Asimnyweshe mpaka achakure na kukuta udongo mkavu. Asimlishe samadi, amfunike tu na majani makavu yanayoanguka kutoka mtini. Na la tatu, ambalo alilisema kwa sauti nzito, asimnyoe. Nyasi za juani zikinyolewa hujenga upya kwa jua zinalolipata. Yeye akinyolewa hana cha kujengea.

Bi Kwale akakubali. Lakini kabla hajaondoka, akageuka. Akamuuliza Ndago kama yeye ameridhika kuishi gizani hivi.

"Nani kasema nimeridhika?" Ndago akasema. "Mti uliota juu ya kichwa changu, nami sina miguu. Nimeishi, Bi Kwale. Usinichanganye na aliyeridhika."

Maneno hayo Bi Kwale alirudi nayo nyumbani kifuani.

Mara ya tatu akapanda ndago. Alivipanda vile vipande vyenye mizizi, akavifunika na majani makavu ya mkuyu, akangoja. Mama Kanga alipita akamwuliza, "Shoga, mbona humwagii maji?" akamjibu kwamba udongo bado una unyevu. Ndago zikakaa kimya muda mrefu, ungedhani zimekufa. Kisha zikashika. Fungu likagusana na fungu, uwanja ukafunikwa, na vifaranga wakiingia humo hata mama yao ilibidi awaite kwa sauti.

Ukaguzi ukafika.

Nyasi zisimame, masuke yapepee,
Mvivu wa uwanja, atoke atembee.

Jumbe akasimama. Alitafuta kilicholala, hakukiona. Alitafuta kilichooza, hakukiona. Mama Kanga akasema uwanja umependeza. Jumbe akakunja uso, akasema hizo si nyasi, hizo ni ndago, tena hazina masuke. Bi Kwale akaonyesha masuke machache ya kahawia yaliyokuwa yamejificha. Jumbe akageuka. Akasema basi, tutaonana siku ya kunyoa.

Siku ya kunyoa ilikuwa mwisho wa kiangazi. Kila uwanja ulifyekwa mpaka chini, kipara, ili mvua ikija nyasi zirudi nene na masuke yawe mengi. Ngiri alifyeka wa kwake. Bi Nungunungu alifyeka wa kwake. Mama Kanga alifyeka wa kwake. Jumbe akafika kwa Bi Kwale na mundu mkononi, akamwambia afyeke kama wenzake.

Bi Kwale akasimama mbele ya ndago zake. Mwili wake ulikuwa mdogo kuliko ngumi ya Jumbe.

"Jumbe, mimi sikuomba kivuli," alisema. "Mti ni wako, matawi ni yako, makuyu unakula wewe. Mimi umeniachia kivuli chake. Kisha ukaenda kwa shemeji yako aliyeko juani, ukachukua kipimo huko, ukaja kunipima nacho mimi. Nilipopanda alichopanda yeye, nyasi zikalala, ukasema mimi mvivu. Nilipofuata ushauri wake zikaoza, ukasema mimi mvivu. Leo nimepanda kinachoweza kuishi hapa, unanipa mundu nikiue kwa mkono wangu. Niambie mbele ya hawa wote, ulitaka uwanja wenye majani, au ulitaka nishindwe?"

Ngiri akajifanya kujikuna.

Jumbe akasema desturi ni desturi, na aliyekataa kunyoa ni mvivu. Hiyo ilikuwa mara ya tatu. Akamwamuru ahame na vifaranga wake siku mvua itakapoanza, aende ng'ambo. Kisha akaondoka, mikono nyuma.

Bi Kwale akaanza kufunga vitu vyake. Nani alimtetea? Hakuna. Mama Kanga alilia kidogo, akarudi kwake. Na hilo nalo linaniudhi, maana machozi ya pembeni hayamzuii mtu kuhamishwa.

Lakini mwaka ule mvua haikuja kwa wakati. Watu walitazama mawingu, mawingu yakapita. Viwanja vyote vilikuwa vipara, vyeupe, na watoto walifungiwa mashimoni mpaka wakachoka. Asubuhi moja wakatoroka. Watoto wa Ngiri wakatoka. Watoto wa Nungunungu wakatoka, miiba yao bado laini. Watoto wa Kanga wakatoka. Na mjukuu mdogo wa Jumbe akateremka mtini kwenda kucheza nao.

Tai akawaona.

Alishuka kimya, mabawa amekunja. Mama Kanga ndiye aliyekiona kivuli chake kikipita juu ya ule weupe, akapiga ukelele. Watoto wakatawanyika. Wakakimbilia uwanja wa Ngiri, hapana pa kujificha. Wakakimbilia uwanja wa Kanga, hapana pa kujificha. Bi Kwale alikuwa amekaa juu ya mzigo wake. Akanyanyuka, akaita kwa ile sauti anayowaitia vifaranga wake. Watoto wote wakageukia kule, wakajitupa ndani ya ndago, wa Ngiri, wa Nungunungu, wa Kanga, na wa Jumbe akiwa wa mwisho, mkia wake ukibaki nje mpaka Bi Kwale alipomsukumia ndani kwa kifua.

Tai akazunguka mara moja. Akazunguka mara ya pili. Mara ya tatu akateremka mpaka chini ya matawi, akatazama, akaona majani tu. Akasema kijiji hiki hakina watoto, akaenda zake.

Kijiji kizima kikakusanyika chini ya mkuyu. Kila mama alikuwa amemkumbatia wake. Jumbe akateremka, akampokea mjukuu wake, akamfuta vumbi. Kisha akapanda juu ya mzizi, akakohoa, akahutubia. Alisema amefurahishwa sana na Bi Kwale. Alisema Bi Kwale ni mfano wa uvumilivu, na kwamba kila mwanamke kijijini ajifunze kwake namna ya kuishi kivulini bila manung'uniko. Alisema hatahama tena. Akasema tangu leo aitwe Mama Subira, na watu wakaanza kupiga makofi.

Bi Kwale akawaambia waache makofi.

"Usinisifu, Jumbe," akasema. "Kata tawi."

Jumbe akatazama juu. Tawi lile lililofunika uwanja wa Bi Kwale lilikuwa nene, na ndilo lililokuwa na makuyu matamu. Akaanza kusema kwamba jambo hilo ni jema, litafikiriwa, ila lingoje makuyu yaive, kisha yaliwe, kisha wazee wakae.

Ndipo Bi Nungunungu akasogea, mtoto wake mgongoni. Hakupandisha sauti. Akamwambia Jumbe kwamba yeye hajui kupanda mti, tawi halifikii, lakini gome la shina analifikia vizuri, na meno yake hayajawahi kushindwa na gome. Akizunguka shina zima akitafuna, mkuyu utakauka wote. Jumbe achague mwenyewe, tawi au mti. Mama Kanga akasimama ubavuni pake. Hata mke wa Ngiri akaja kusimama, Ngiri akimvuta, naye akimwambia amwachie.

Jumbe akawatazama jamaa zake. Jamaa zake walikuwa wakitazama chini.

Akapanda na shoka. Alikata mwenyewe, kwa mikono yake, jasho likimtoka, na kila pigo makuyu yakawa yanadondoka. Hakuna aliyeimba. Tawi likalia, likapasuka, likaanguka.

Jua likaingia.

Liliingia nusu ya uwanja. Nusu nyingine, karibu na shina, ilibaki na kivuli, na ndago zikabaki pale pale, nzima. Baadaye upande ule wenye mwanga Bi Kwale alikuja kupanda nyasi za masuke, zikasimama bila kuegemezwa na mtu. Na ule ukaguzi wa kipimo kimoja haukufanywa tena.

Lakini hayo ni ya baadaye. Siku ile, jua lilipoingia, vifaranga wa Bi Kwale walitoka majanini, wakapiga hatua kwenye mwanga, kisha wakapiga mayowe na kumkimbilia mama yao. Walikuwa wameona kitu cheusi chini, kinawafuata miguuni, wakikimbia kinakimbia. Walidhani ni Tai.

Vilikuwa vivuli vyao wenyewe. Walikuwa hawajawahi kuwa navyo.

Bi Kwale akawakumbatia, akalia kwa hasira mbele ya kijiji kizima, na hakuna aliyethubutu kumwambia anyamaze.

Basi, watoto, mafunzo ya hadithi hii ni haya. Usimweke mwenzio kivulini kisha ukamcheka kwa kukosa jua. Na ukimwona amesimama hapo hapo ulipomweka, usimpe jina zuri kwa uvumilivu wake wakati shoka unalo wewe.

Hadithi yangu inanyanyuka, inaaga.

Iende salama!

Aliyeipenda aibebe kwake.

Tumeibeba!